Mkaa wa Kilosa: mti uliosimama ni wa nani?

Katika vijiji vya Kilosa vinavyochoma mkaa wa kwenda Dar es Salaam, ugali husongwa juu ya moto wa kuni. Mafiga matatu, sufuria nyeusi, moshi unaojitafutia njia kwenye upenyo wa paa, na mzigo wa matawi makavu uliobebwa kichwani kutoka porini. Mkaa uko palepale kijijini. Umejazwa kwenye magunia, midomo imeshonwa kwa kamba, unasubiri pikipiki ya kuufikisha barabarani. Anayeuchoma hautumii, na anayeutumia hajawahi kuuona msitu uliouzaa.

Naanza na jiko kwa sababu bila jiko kisa hiki hakieleweki. Tukizungumzia nishati vijijini tumezoea kumwona mwanakijiji kama mtu aliyekosa: hana gesi, hana jiko banifu, umeme kama upo ni wa taa na simu. Hayo ni kweli. Lakini Kilosa mtu huyohuyo ndiye anayelisha majiko ya jiji lenye mamilioni ya watu. Nishati inatoka kwake kila siku. Kinachonishughulisha ni hiki: anapouza gunia, anauza nini? Anauza jasho lake la kukata, kupanga na kuchoma peke yake, au anauza na mti? Kwa miaka mingi jibu limekuwa jasho peke yake. Mti ulihesabiwa kuwa wa bure, na kitu kinachohesabiwa kuwa cha bure hakuna anayekihurumia.

Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo, mkoani Morogoro, vilijaribu kubadilisha jibu hilo. Ulaya Mbuyuni, Ihombwa, Kitunduweta, Msimba na Nyali ni baadhi yao. Shirika la kuhifadhi misitu TFCG, mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu MJUMITA na shirika la nishati TaTEDO, kwa fedha za Serikali ya Uswisi, walivisaidia vijiji hivyo kuchoma mkaa kwa mpango, ndani ya misitu yao wenyewe, na kutoza bei ya mti kabla haujakatwa. Baadaye utaratibu ukaenea hadi Mvomero na Morogoro Vijijini. Nitauchambua kama kisa kimoja kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote tunayobishania kuhusu maisha ya vijijini, nishati na mazingira, na mengine tumekuwa tukiyabishania vibaya.

Hofu iliyotutangulia

Mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm aliandika kuwa dunia ina tatizo jingine la nishati zaidi ya mafuta: kuni. Miaka minane baadaye, mwaka 1983, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa makadirio ya upungufu mkubwa wa kuni katika nchi zinazoendelea hadi kufikia mwaka 2000. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Unachukua idadi ya watu, unazidisha kwa kuni anazotumia kila mmoja, unalinganisha na miti inavyokua. Pengo linalobaki linaliwa kutoka kwenye msitu, nalo huongezeka kila mwaka hadi msitu uishe. Miradi ya kupanda miti ya kuni ikatapakaa Afrika nzima.

Mwaka 2000 ulifika na maafa yale hayakutokea kama yalivyotabiriwa. Watafiti walioacha majedwali wakaenda kukaa na watu vijijini waliliona kosa mapema. Mama wa kijijini hakati mti mbichi ili apike maharage. Anaokota matawi yaliyokauka, anavunja mashina yaliyobaki shambani, anatumia mabua ya mahindi, na kuni zikiadimika anapika kwa uangalifu zaidi. Kuni nyingi za kupikia zilitoka kwenye miti ambayo tayari ilikuwa imekatwa kwa sababu ya kulima. Jembe lilikuwa limetangulia, kuni zikafuata.

Mkaa ni habari nyingine, na kuuchanganya na kuni za nyumbani ndilo kosa la pili. Mchoma mkaa hutaka gogo zima, bichi na zito. Anakata. Na soko lake haliko umbali wa kutembea na mzigo kichwani. Liko mamia ya kilomita mbali, nalo linakua kadiri jiji linavyokua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Robert Bailis na wenzake ulikadiria kuwa kati ya asilimia 27 na 34 ya kuni na mkaa vilivyovunwa duniani mwaka 2009 vilizidi uwezo wa miti kujirudisha, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye hali mbaya zaidi. Idadi hiyo inakanusha pande zote mbili. Wanaosema kila kijiko cha ugali kinakula msitu wamezidisha. Wanaosema hakuna tatizo hawajapita kwenye misitu iliyo kandokando ya barabara kuu ziendazo mijini.

Jiji linavuta

Benki ya Dunia ilipochunguza biashara hii nchini Tanzania na kutoa ripoti mwaka 2009, ilikadiria kuwa nchi nzima ilitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu iliishia Dar es Salaam. Thamani ya biashara ilikadiriwa kuwa dola milioni 650 za Kimarekani kwa mwaka, mara kadhaa ya mchango wa kahawa na chai kwa pamoja. Sehemu ya kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa kama nishati yao kuu ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007, kipindi ambacho mafuta ya taa na gesi vilipanda bei.

Biashara kubwa kuliko kahawa na chai, na bado haikuwa na bodi, haikuwa na chama cha ushirika, haikuwa na bei elekezi. Sehemu kubwa ilipita usiku, kwenye njia za panya, ikikwepa mageti ya maliasili. Serikali ilijaribu kuizima. Mwaka 2006 ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Marufuku ile ilidumu kama wiki mbili tu. Bei mijini ilipaa, mkaa ukaendelea kuuzwa, na aliyeumia ni mnunuzi wa kopo na ndoo ambaye hana akiba ya kununua gunia zima. Jiji haliwezi kuacha kupika kwa sababu ya tangazo.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeanza uchambuzi wa mkaa kwa mchoma mkaa. Yeye yuko mwisho wa kamba. Anayeivuta yuko Manzese, Mbagala, Temeke, na anaivuta kwa sababu mkaa unauzwa kwa kipimo anachokimudu kwa siku, hauhitaji tungi wala mita, na jiko lake linatengenezwa mtaani kwa bati na udongo.

Kilosa yenyewe

Kilosa si mahali patupu palipokuwa pakisubiri mradi. Ni wilaya ya milima na mabonde, reli ya kati inapita katikati yake, na kwa miongo mingi imekuwa na mashamba makubwa ya mkonge, wakulima wadogo na wafugaji wakigombea ardhi ileile. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Yeyote anayekwenda Kilosa kuzungumza juu ya mpaka wa msitu anapaswa kukumbuka kwamba kwa watu wale neno mpaka lina makaburi.

Miti yake, sehemu za chini na za kati, ni miombo. Miombo ina sifa mbili zinazobeba kisa chote hiki. Kwanza, mti wake huchipua. Ukikatwa kwa urefu unaofaa na kisiki kikaachwa, machipukizi hutoka pembeni na mengine hutoka mizizini, na ndani ya misimu michache ya mvua eneo lililokuwa wazi linakuwa kichaka cha vijiti. Kinachoyaua machipukizi ni moto mkali wa mwisho wa kiangazi na jembe. Pili, udongo wake uliofunguliwa upya unafaa kwa ufuta. Kwa miaka michache ya mwanzo shamba jipya la miombo hutoa ufuta na mahindi bila mbolea. Rutuba ikipungua, mkulima anasogea mbele. Ufuta ni fedha taslimu, mnunuzi wake anakuja hadi kijijini, wala hauhitaji kibali cha misitu.

Hapo ndipo penye kiini cha uchambuzi wangu, na naomba msomaji avumilie nikae kidogo.

Ukifika kwenye eneo lililofyekwa ukakuta tanuri linafuka moshi, macho yatakuambia kuwa mkaa ndio uliomaliza msitu. Tanuri linaonekana. Lakini mara nyingi aliyefyeka alitaka shamba, na kwa kuwa magogo yapo chini aliyachoma akapata fedha ya kununulia mbegu na kulipa vibarua. Angeyaacha, yangeoza au yangeteketezwa na moto wa kusafishia shamba. Miaka miwili baadaye pale pana ufuta, visiki vimeng'olewa au kuchomwa hadi mizizi, na msitu haurudi. Sasa chukua eneo jingine ambalo lilikatwa kwa ajili ya mkaa tu, mtu akaondoka. Kisiki kipo, mizizi ipo, kivuli kidogo kipo. Miaka miwili baadaye pana machipukizi yanayomfikia mtu kifuani. Picha ya siku ile ya kukata ni ileile katika maeneo yote mawili. Tofauti yake inaonekana baadaye, na wengi wetu hatukurudi kuangalia.

Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyokamilika mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Kwa kipindi cha 2002 hadi 2013 nchi ilikadiriwa kupoteza hekta 469,420 kila mwaka. Kilimo ndicho kisababishi kikuu cha upotevu huo. Mkaa unachangia, hasa kwa kuufanya msitu kuwa mwembamba na kumgharamia mkulima ufyekaji, lakini ukimtoa mchoma mkaa ukamwacha mwenye jembe, msitu utaendelea kupungua.

Kwa hiyo mshindani halisi wa msitu wa Kilosa ni gunia la ufuta. Na msitu ambao hauleti chochote hauwezi kushindana nalo kwenye mkutano wa kijiji, hata uwe na vipepeo na chemchemi kiasi gani. Baba mwenye ada ya shule ya kulipa atauliza: huu msitu unatupa nini?

Utaratibu ulivyokuwa

Msingi wa kisheria ulikuwepo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu wa kijiji, kuisimamia, kutoza ada na kubaki na mapato. Babati, huko Duru-Haitemba, wanavijiji walikuwa wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba wanaweza kulinda msitu kuliko askari waliotumwa kutoka mbali. Lakini sehemu nyingi usimamizi shirikishi ulimaanisha kulinda tu. Kijiji kilipewa doria bila kipato, na kamati zikachoka.

Kilosa ilianza na mpango wa matumizi bora ya ardhi: mashamba wapi, malisho wapi, makazi wapi, msitu wapi. Ndani ya msitu ikatengwa sehemu ndogo ya kuvuna mkaa, mbali na vyanzo vya maji na miteremko mikali. Sehemu kubwa ikabaki bila kuguswa. Sehemu ya mkaa ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, yaani robo hekta kila kimoja. Vinakatwa kwa mtindo wa bao la drafti: ukikata kitalu kimoja, vinavyopakana nacho vinaachwa, ili mbegu zidondokee kwenye uwazi na udongo usikose kinga. Mzunguko ni miaka 24.

Tuseme kijiji kimetenga hekta 480 za mkaa. Ukigawanya kwa miaka 24 unapata hekta 20 kwa mwaka, ambazo ni vitalu 80. Hapo kijiji kina kikomo kinachohesabika. Mwenyekiti akitaka kuongeza vitalu kwa sababu uchaguzi unakaribia, mwanakijiji yeyote anayejua kuhesabu anaweza kusimama mkutanoni akamwambia anakula vya mwakani. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko ramani zote za setilaiti, kwa sababu usimamizi unaoeleweka kwa vidole unaweza kulindwa na watu wasio wataalamu.

Tanuri nalo lilibadilishwa. Katika tanuri la udongo la kawaida, magogo mabichi yanapangwa ovyo, yanafunikwa majani na udongo, yanawashwa. Sehemu ya kuni inaungua bure ili kukausha nyingine, na hewa ikiingia mahali pasipotakiwa mkaa unageuka majivu. Ufanisi wa matanuri hayo mara nyingi ni kama asilimia 15 au chini yake: gunia la kilo 75 linakula kilo 500 za kuni kavu. Mchomaji akikausha magogo kwanza, akayapanga kwa kubana juu ya vijiti vya chini vinavyopitisha hewa, akakesha kuziba nyufa, anaweza kukaribia asilimia 25. Gunia lilelile sasa linahitaji kilo 300. Kilo 200 za mti zimebaki zimesimama na hakuna aliyeacha kupika. Mchomaji mzoefu hahitaji kipimajoto, anasoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, maji bado yanatoka. Ukiwa mwembamba wa rangi ya bluu, mkaa umeiva, na muda wa kulizima umefika. Ujuzi huo ulikuwepo kabla ya mradi wowote, na nadhani hatujauheshimu vya kutosha.

Kisha fedha. Mfanyabiashara alilipa ada kwa kijiji kwa kila gunia, akapewa stakabadhi na kibali, na fedha ikaingia kwenye akaunti ya kijiji, halmashauri ya wilaya nayo ikiwa na sehemu yake. Mchomaji alilipwa kivyake kwa kazi yake. Mkutano mkuu wa kijiji ndio ulioamua matumizi ya ada: doria za kamati ya maliasili, vyumba vya madarasa, nyumba za walimu, zahanati, visima. Mti uliosimama ulikuwa umepata bei, na bei hiyo iliwafikia hata wasiochoma mkaa. Mama mzee asiyeweza kuinua shoka aliuona msitu kwenye zahanati, kwa hiyo aliposikia kuna mtu anafyeka shamba ndani ya hifadhi alikuwa na sababu ya kusema.

Panapovuja

Utaratibu huu una nyufa, nami sitaki kuzipitia kwa haraka kama wafanyavyo waandishi wa ripoti za miradi.

Ufa wa kwanza ni jirani. Mkaa wa kijiji chenye utaratibu una ada ndani ya bei yake. Mkaa wa kijiji cha pili, unaokatwa msituni bila kitalu wala kibali, hauna. Yakifika sokoni magunia hayo mawili yanafanana, na mpishi wa jijini hana namna ya kuyatofautisha. Mfanyabiashara anafanya hesabu. Anaenda kwa jirani, na geti la maliasili likiwa legevu, faida ni yake. Kijiji kilichojipanga kinaadhibiwa kwa kujipanga kwake. Hakuna elimu kwa wanakijiji inayoweza kuziba ufa huu, maana hauko kijijini. Uko barabarani.

Wa pili ni sheria zinazosogea. Mwaka 2019, kwa Tangazo la Serikali Na. 417, zilitoka kanuni mpya za uvunaji na biashara ya mazao ya misitu, mkaa ukiwemo. Nia iliyoelezwa ilikuwa kuzuia uvunaji holela. Lakini kanuni zile zilirudisha maamuzi mengi wilayani na kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa vijiji vilivyokuwa tayari na mpango na vitalu, biashara iliyumba vibaya. Mwaka huohuo awamu ile ya mradi ikafikia mwisho, ingawa ilifuatiwa na nyingine. Mzunguko wa miaka 24 unahitaji mtu kuamini kuwa kanuni ya leo itakuwepo mtoto wake akiwa mtu mzima. Kanuni ikibadilika mwaka wa sita au wa saba, mwanakijiji amejifunza somo moja tu: lima ufuta, haumsubiri mtu.

Wa tatu ni ule moto wa kuni nilioanza nao. Katika mapato yote ya mti, jiko la mama wa Kilosa halikubadilika sana. Wanawake walioingia kwenye uchomaji walipata fedha mkononi, na hilo si dogo. Lakini moshi wa jikoni ni uleule. Serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka nchini vitokanavyo na magonjwa ya hewa chafu ya ndani ya nyumba. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya nishati wa 2019/20 ulionyesha kuni zikitumiwa na asilimia 63.5 ya kaya, mkaa 26.2, gesi 5.1 na umeme 3. Hao asilimia 63.5 wako hasa vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo karibu kila kijiji, na ada ya kuunganishwa imeshushwa hadi shilingi 27,000. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Hata hivyo kuwasha taa na kuchemsha maharage ni mambo mawili tofauti kabisa kwa pochi ya mkulima. Kuni hazina bili. Gharama yake inalipwa kwa mgongo, macho na mapafu ya mtu mmoja mahususi ndani ya nyumba, na kwa kuwa hailipwi kwa noti, vikao vya matumizi ya fedha za kijiji havikuiona.

Hapa nadhani Kilosa ilikosea, au tuseme ilikosa nafasi. Fedha ya mti ilijenga madarasa, na nani atapinga darasa? Lakini sehemu yake ingeweza kununua majiko banifu ya kuni kwa kaya zote, yenye bomba la moshi, yaliyojengwa na mafundi wa kijiji kwa udongo wa kijiji. Nishati ingekuwa imelipia nishati. Ninaamini kama wanawake wangekuwa nusu ya waliokalia viti vya mbele kwenye mikutano ile, jambo hili lingeulizwa mapema.

Zamu ya pili

Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimetakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Matungi ya gesi ya kilo 6 yametolewa kwa ruzuku. Treni ya umeme inapita Kilosa ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma.

Naiunga mkono nishati safi bila kusita. Hakuna mzazi anayepaswa kumlea mtoto ndani ya moshi. Lakini niruhusiwe kuweka kalenda mbili kando kwa kando. Vitalu vya kwanza vya Kilosa vilikatwa katika miaka ya mwanzo ya mradi. Kilichokatwa mwaka 2013, kwa mzunguko wa miaka 24, zamu yake ya pili ni 2037. Mkakati ukifanikiwa kama ulivyoandikwa, miaka mitatu kabla ya miti hiyo kukomaa soko lake la jijini litakuwa limebaki kidogo sana. Hewa ya Dar es Salaam itakuwa nafuu. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, Ihombwa au Msimba, mtu atasimama na kuuliza swali lilelile: huu msitu unatupa nini?

Jibu la wakati huo halijaandaliwa. Mbao zilizovunwa kwa mpango zinaweza kuwa sehemu yake, kwa vijiji vyenye miti ya mbao. Ufugaji wa nyuki unaweza kuwa sehemu nyingine, ingawa asali peke yake haijengi zahanati haraka. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuacha miti isimame ihifadhi hewa ya ukaa, inatajwa sana siku hizi; kabla ya kuisifu ningetaka kuona mkataba unaoonyesha kijiji kinabaki na shilingi ngapi katika kila mia, na nani analipa mwaka ambao soko limelala. Uwezekano mwingine ni kwamba mkakati utachelewa, kama mikakati mingi inavyochelewa, na mwaka 2034 mkaa bado utakuwa unapanda Barabara ya Morogoro kila usiku. Hapo vijiji vyenye vitalu vinavyohesabika vitakuwa na thamani kuliko leo, iwapo vitakuwa vimeruhusiwa kuviendesha hadi wakati huo.

Kwa mtafiti kijana wa jiografia anayetafuta mada, kazi ipo na inaweza kuanza mwaka huu. Vitalu vya 2013 na 2014 vina alama kwenye ramani za vijiji. Nenda na futi kamba, pima unene wa machipukizi, hesabu visiki vilivyokufa na uandike kilichoviua: moto, mifugo au jembe. Kisha ingia jikoni, ukae mpaka chakula kiive, uone kinachopikiwa ni nini na nani amekibeba.